Bapa la trekta

Bapa la trekta ni kifaa cha chuma kinachofungwa nyuma ya trekta kwa ajili ya kukata, kusukuma na kutandaza udongo, kifusi au changarawe. Kazi yake inafanana na ya greda, ila bapa ni dogo na halina injini yake lenyewe. Katika nchi zenye baridi kali bapa la aina hii hutumika kusukuma theluji barabarani. Nchini Tanzania, ambako theluji iko kileleni mwa Kilimanjaro tu, faida yake kubwa ni kutunza njia za udongo mashambani na pembezoni mwa miji. Kwa kuwa umbo lake ni rahisi, fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza kwa chuma kilichokwisha kutumika.

Historia

Kabla ya matrekta kuenea, wakulima wa Marekani walisawazisha barabara kwa magogo yaliyopasuliwa na kukokotwa na farasi. Mkulima wa jimbo la Missouri, David Ward King, aliieneza njia hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Alifundisha kwamba barabara ya udongo ipitiwe mara kwa mara baada ya mvua, na kila mara udongo kidogo usogezwe kuelekea katikati.

Kufunga zana nyuma ya trekta kulirahisishwa na Harry Ferguson, mzaliwa wa eneo ambalo leo ni Ireland ya Kaskazini. Mwaka 1926 alipata hataza ya mfumo wake wa kuunganisha zana na trekta. Mfumo huo ulikuja kuwa kiungo cha mikono mitatu: miwili ya chini inayonyanyuliwa kwa haidroliki, na mmoja wa juu. Mwaka 1939 kiungo hicho kilitumika katika trekta la Ford 9N, na leo kinapatikana katika matrekta mengi duniani, yakiwemo ya Massey Ferguson yanayojulikana sana Tanzania.

Mahitaji katika maeneo kama Chamazi

Chamazi ni kata ya Wilaya ya Temeke, kusini mwa Jiji la Dar es Salaam, upande wa Mbagala na Mbande. Inajulikana kwa uwanja wa Azam Complex, nyumbani kwa klabu ya Azam FC. Kama ilivyo katika maeneo mengi ya pembezoni mwa jiji, makazi yamepanuka kuliko barabara za lami, na njia nyingi za ndani ni za udongo wenye mchanga mwingi. Mvua kubwa hunyesha wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na nyingine wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Njia ya udongo huanza kuharibika pale magurudumu yanapochimba mifereji miwili. Maji hutuama humo, udongo hulainika, na kila gari linalopita huongeza kina. Mara nyingi hatua inayochukuliwa ni kuparua njia yote ili iwe tambarare na kuusukuma udongo pembeni. Kwa siku chache njia hupendeza. Lakini kila inapoparuliwa hushuka kidogo, na baada ya miaka kadhaa huwa chini kuliko viwanja vya pande zote mbili. Masika yanapofika, barabara hiyo hugeuka mto. Maji huingia katika nyumba za bondeni, bajaji na bodaboda hukataa kuingia, na mgonjwa hubebwa hadi kwenye lami.

Kwa sababu hiyo, bapa linalotumiwa vibaya huharakisha uharibifu wa barabara. Kazi yake sahihi ni kurudisha udongo katikati ili njia iwe na mgongo, na maji yateremke kwenye mitaro ya pande mbili.

Sehemu zake na vipimo

Vipimo vifuatavyo vinafaa kwa trekta dogo lenye nguvu za farasi 20 hadi 40.

* Bapa lenyewe: bamba la chuma lenye urefu wa mita 1.5, kimo cha sentimita 40 na unene wa milimita 6. Uzito wake ni kilo 28 hivi. Likipinda kidogo kama ganda la mua, udongo hubiringika mbele yake badala ya kurundikana. Kipande cha bomba pana lililopasuliwa kwa urefu kinafaa. Pipa la lita 200 halifai, kwa kuwa bati lake ni jembamba na hukunjamana.
* Makali: ukanda wa chuma kigumu kwenye ukingo wa chini, ambao hubadilishwa ukiisha. Springi za lori zilizochakaa zinafaa.
* Fremu: bomba nene la mraba au chaneli mbili zilizochomelewa pamoja, zikiungana na bapa kwa bamba la duara lenye matundu. Matundu hayo humwezesha dereva kugeuza bapa kulia au kushoto na kulifunga kwa pini.
* Sehemu za kufungia: pini mbili za chini na moja ya juu. Katika matrekta madogo pini za chini huwa na kipenyo cha milimita 22 na ya juu milimita 19. Matrekta makubwa zaidi hutumia milimita 28 na 25. Nafasi kati ya pini mbili za chini ni karibu sentimita 68 kwa aina ya kwanza na sentimita 83 kwa ya pili. Hata hivyo ni muhimu kupima trekta lenyewe kabla ya kukata chuma.

Urefu wa bapa hutegemea upana wa trekta. Bapa la mita 1.5 likigeuzwa nyuzi 30 hufagia upana wa mita 1.3 tu. Upana huo usipozidi ule wa magurudumu ya nyuma, trekta litakanyaga udongo ambao limekwisha kuusawazisha.

Utengenezaji

Fremu hutangulia, kwa kuwa ndiyo inayobeba nguvu yote. Vipande hushikizwa kwanza kwa nukta za kuchomelea, kisha fremu hujaribiwa kwenye trekta kabla ya kuchomelewa moja kwa moja. Pini za chini zikipishana hata kwa sentimita mbili, bapa litakata upande mmoja zaidi ya mwingine.

Makali ya springi yafungwe kwa bolti, yasichomelewe. Chuma cha springi kina kaboni nyingi, na kikipoa haraka baada ya kuchomelewa huwa kikavu na kupasuka kando ya mshono. Kutoboa springi pia ni kazi ngumu. Mafundi hupasha moto sehemu ya tundu hadi iwe nyekundu, kisha huiacha ipoe polepole ndani ya majivu au mchanga mkavu. Sehemu hiyo hulainika na keekee huweza kuitoboa, huku makali yakibaki magumu.

Bapa jepesi huteleza juu ya udongo mgumu. Tatizo hilo hutatuliwa kwa kuongeza uzito juu ya fremu. Mche wa zege wenye sentimita 30 kila upande una uzito wa kilo 65 hivi.

Matumizi

Wakati mzuri wa kazi ni siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu lakini hauna tope. Bapa hugeuzwa nyuzi 30 hivi, ncha ya mbele ikiwa pembeni mwa njia na ya nyuma ikielekea katikati. Trekta hupita upande mmoja, kisha hurudi upande wa pili, kwa mwendo wa polepole usiozidi sana wa mtu anayetembea. Hupita mara nyingi likikata kidogo, badala ya kukata sana kwa mara moja.

Katika njia yenye upana wa mita 5, katikati panatakiwa kuwa juu ya kingo kwa sentimita 10 hadi 15. Kipimo hiki huhakikiwa kwa kamba iliyonyooshwa na rula. Mchanga mtupu haushiki umbo, hivyo huchanganywa na kifusi chenye udongo wa kushikamana, kisha hushindiliwa.

Usalama

Pipa au tangi lililowahi kuwa na mafuta lisikatwe wala kuchomelewa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Bapa lishushwe chini kabla ya kuzima injini, na mtu asiingie chini yake likiwa limenyanyuliwa. Watoto wazuiwe kupanda juu yake, hata kama uzito unahitajika. Bapa likinasa kwenye kisiki, trekta linaweza kunyanyuka mbele. Kwa hiyo moja ya bolti za kuzuia bapa lisigeuke huwa ya chuma laini, ili ikatike kabla fremu haijapinda.

Mabomba ya maji ya plastiki mara nyingi hufukiwa kwa kina kifupi na kukatiza njia. Njia hukaguliwa kwa miguu pamoja na wakazi, na sehemu zenye mabomba huwekewa alama.

Mipaka yake

Bapa haliwezi kuchukua nafasi ya mitaro, makalvati wala lami. Mgongo wa barabara hausaidii iwapo maji ya mtaroni hayana pa kwenda, au iwapo mtaro umejaa taka. Aidha, barabara za mitaa husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017. Wakazi wanaotaka kutengeneza njia kwa nguvu zao hupaswa kuanzia ofisi ya serikali ya mtaa, hasa pale ambapo maji yatakayoondolewa katika njia moja yataelekea kwenye viwanja vya watu wengine.