Maudhui ya Karamu ya Mtoto Yamo Katika Jina Lake

Katika miji yetu, sherehe ya siku ya kuzaliwa kwa mtoto imekuwa kitu cha kuagizwa, kama mtu aagizavyo saruji au mabati. Kasri la mpira lijazwalo hewa hukodishwa, mchoraji wa nyuso hukodishwa, na keki huletwa ikiwa na sura ya mhusika wa filamu ya Marekani. Baluni, vikombe, sahani na kofia hubeba sura hiyo hiyo. Mzazi hulipa, wageni hula, na mwenye siku yake hukaa katikati ya hayo yote akiwa kama mgeni katika shughuli ya mtu mwingine.

Gharama ya mambo haya imelalamikiwa sana, na si haba. Hata hivyo, mimi ni mtu wa lugha, na linaloniudhi ni jingine. Katika karamu kama hiyo hakuna lolote ambalo mtoto ametengeneza kwa mkono wake, na kwa hivyo hakuna neno jipya alilopata kulitamka. Hurudi chumbani na vitu vingi lakini maneno yale yale.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuziacha sherehe hizi kabisa, maadamu ni mila ya kigeni. Sikubaliani nao. Keki na mishumaa vimetoka ng'ambo, hilo ni kweli, lakini kuijali saa ya kuzaliwa si jambo geni kwetu. Wazee wetu hawakuiandika saa hiyo kwenye kalenda. Waliiandika kwenye jina. Mjaluo aliyezaliwa usiku huitwa Otieno au Atieno, na wa wakati wa mvua ni Okoth au Akoth. Kwa Wabukusu, Wafula na Nafula ni wa majira ya mvua, Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu ni wa kiangazi. Miongoni mwa Wakalenjin, Kiprono na Cherono walizaliwa jioni, mbuzi wakirejea zizini. Pwani nako wamo akina Juma, Khamisi, Mwanajuma na Ramadhani, ambao majina yao ni siku na miezi.

Sasa tutazame neno moja wanalolipenda wapangaji wa karamu za kisasa. Wao hutaka kila karamu iwe na maudhui, yaani wazo moja linalotawala mapambo, chakula na michezo. Wanafunzi wa fasihi wanalijua neno hili vizuri. Nami nasema kwamba wazo hilo ni jema, ila linatafutwa mbali ilhali liko karibu. Akoth anafanyiwa karamu ya binti mfalme wa nchi ya theluji, na jina lake mwenyewe ni mvua! Maudhui ya karamu ya mtoto yamo katika jina lake, na vifaa vyake vimo jikoni na uani kwa mamaye.

Tumchukue huyo Akoth. Mawingu yake yatakuwa ya pamba iliyogundishwa kwenye karatasi, na matone yatakuwa vipande vya karatasi ya buluu vilivyotungwa kwa uzi. Bisi za mahindi, zikimiminwa katika sinia mbele ya watoto, ni mvua ya mawe. Watakunja mashua za karatasi na kuzishindanisha katika karai la maji. Mwisho, kila mgeni atapanda punje tatu za maharagwe katika kopo lililotobolewa chini, aende nalo nyumbani. Zikichipuka baada ya siku chache, karamu itakuwa ingali inaendelea katika nyumba kumi.

Karamu ya Atieno ni ya usiku. Mapazia yashushwe, na taa zitengenezwe kwa makopo yaliyotobolewa matundu kwa msumari, mtu mzima akisimamia. Hapa ndipo mahali pa ngano, kwani usiku ndio uliokuwa darasa la hadithi za wazee. Karamu ya Nekesa ina mahindi ya kuchoma, viazi vitamu, na wanasesere waliofungwa kwa maganda ya mahindi juu ya gunzi. Ya Kiprono ina mbuzi wa udongo walioumbwa kwa vidole, kikombe cha mursik, na mchezo ambamo watoto hushikana mikono wakawa zizi, mmoja akawa mbuzi ndani na mwingine chui nje.

Kuhusu vitamutamu, Pwani ina hazina ya kuwatosha Wakenya wote: kaimati zilizotiwa shira, visheti, mahamri, halua, na kashata. Nitaeleza kashata za nazi peke yake kwa kuwa hazihitaji tanuri. Chukua vikombe 2 vya nazi iliyokunwa, kikombe 1 na nusu cha sukari, nusu kikombe cha maji na iliki kidogo iliyosagwa. Chemsha sukari na maji mpaka shira ianze kunata, kisha tia nazi na iliki. Koroga kwa moto mdogo hadi mchanganyiko uanze kuachana na sufuria. Epua, mimina katika sinia lililopakwa mafuta, sawazisha, na ukate mshazari kabla hazijapoa. Ukigawa mchanganyiko mara mbili na kuitia sehemu moja rangi ya chakula, utapata kashata za rangi mbili.

Tahadhari mbili ni za lazima. Shira huwa na moto kuliko maji yachemkayo, nayo hung'ang'ania ngozi. Kazi hiyo ni ya mtu mzima, na mtoto apewe kukuna na kupanga. Pili, njugu nzima, bisi na kokwa za mabuyu huweza kumkaba mtoto mdogo, na wapo watoto ambao njugu huwadhuru hata zikiwa chache. Wazazi waulizwe mapema, na wadogo wapewe vingine vilivyo laini.

Msomaji atauliza, lugha iko wapi katika haya? Imo katika kila hatua. Mtoto aliyesimama kando ya meko siku hiyo amesikia kukuna, kukamua, kuchuja, kukoroga na kuepua, na kila kitenzi amekiona kwa macho yake. Ameona sufuria ikibandikwa na kubanduliwa, ikifunikwa na kufunuliwa. Hiyo ndiyo kauli ya kutendua, ambayo wanafunzi wetu huikariri darasani kwa jasho jingi: funga na fungua, bandika na bandua, funika na funua. Mtoto wa jikoni haikariri. Yeye huijua kabla ya kujua kwamba ina jina.

Jozi nyingine ya kauli hiyo hukaa katika vitendawili: tega na tegua. Sijaona mchezo wa karamu unaoupita huu kwa urahisi wa gharama. Mmoja husema "Kitendawili!", wote hujibu "Tega!", naye hutega. Wakishindwa kutegua, hudai apewe mji, nao humpa Lodwar, au Kisumu, au Lamu, ndipo atoe jibu. Kwa nusu saa watoto wamefikiri, wamecheka, na wamezunguka nchi nzima bila nauli. Baada ya hapo na watoke nje wacheze kibemasa, mdako au ukuti. Wale wa mitaa ya Nairobi watacheza brikicho, kati, bano na bladas, na siwakatazi. Majina hayo watoto wameyaunda au wameyafinyanga wenyewe, na lugha inayochezewa haijafa.

Ya mwisho ni zile zawadi ndogo wanazopewa wageni wakiondoka. Kiswahili kina neno zuri kwa kitu cha namna hiyo: tunu, kitu kinachothaminiwa kwa uzuri au uadimu wake, si kwa bei. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, basi tunu na itiwe katika kikapu kidogo cha ukindu au kifuko cha kitambaa kilichoshonwa nyumbani. Ndani yake kuwe na kashata mbili, na kitu kimoja cha kuchezea: tiara ya karatasi na njiti, gari la waya, au pia. Naam, pia! Wapo wanafunzi wa chuo kikuu wanaolijua neno hilo kwa maana ya "vilevile" tu, kwa kuwa hawajapata kuizungusha pia yenyewe sakafuni.

Walimu wasidhani kwamba kitu kilichotengenezwa kwa mkono ni kitu duni. Muziki wa wimbo uimbwao mbele ya keki duniani kote ulitokana na walimu. Dada wawili wa Louisville, Kentucky, Mildred na Patty Hill, waliutunga kwa ajili ya watoto wa chekechea kusalimiana asubuhi, ukachapishwa mwaka 1893. Baadaye ukapewa maneno ya siku ya kuzaliwa, na kwa miaka mingi kampuni ya muziki ikadai malipo kwa kila aliyeutumia hadharani kibiashara. Mwaka 2015 mahakama moja ya Marekani iliamua kwamba kampuni hiyo haikuwa na haki halali juu ya maneno yake, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa dola milioni 14. Hebu fikirini: kilichotengenezwa bure darasani kiliuziwa wenyewe kwa zaidi ya nusu karne.

Yapo mapingamizi ya haki. La kwanza ni wakati. Mama au baba arudiye kazini saa mbili usiku hawezi kukuna nazi. Huyo na anunue mahamri kwa jirani ayapikaye, na kashata kwa mama mwenye sinia kando ya barabara. Vya jirani bado ni vya nyumbani. La pili ni kwamba si kila jina lina saa ndani yake. Mtoto wa Kikuyu aghalabu hurithi jina la babu au nyanya. Basi hapo maudhui ni maisha ya huyo nyanya: alilima nini, alicheza nini, alipika nini. Kama yu hai, yeye ndiye mgeni wa heshima. La tatu ni dini. Zipo familia ambazo imani yao haikubali sherehe hizi, na mtoto wao asifanywe kioja.

Jambo hili la mwisho linawahusu walimu moja kwa moja. Keki ikiletwa darasani, watoto arubaini hujifunza kwa dakika kumi ni nani anaye na ni nani hana. Yule ambaye siku yake hupita kimya halii. Hunyamaza tu, na mwalimu mwenye macho huuona unyamavu huo. Napendekeza kwamba shule zinazokubali sherehe ziwe na saa moja kila mwezi kwa wote waliozaliwa mwezi huo, bila keki ya mtu yeyote. Kila anayetaka aeleze asili ya jina lake, alilouliza nyumbani juma hilo, kisha darasa litege vitendawili. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, unataka mzazi ashiriki katika masomo ya mwanawe. Ushiriki gani upitao kumweleza mtoto kwa nini anaitwa anavyoitwa?

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa, na wengine husema hutuzwa. Kutuza ni kumpa mtu zawadi kwa kucheza vizuri. Kutunza ni kumpa zawadi, na pia kumlea na kumhifadhi. Mzazi apangaye karamu ya mwanawe mwaka huu na achague neno lenye maana zote mbili. Na kabla hajapiga simu kuulizia bei ya kasri la mpira, amwite mtoto jikoni, ampe mbuzi ya kukunia nazi, na amweleze alizaliwa saa ngapi.