Eropleni ya Vijana Ishirini

Mtoto wa Nyasura, karibu na Bunda, hashangai akisikia kwamba fundi fulani wa pwani ya Ziwa Viktoria anaunda mtumbwi. Mbao hupasuliwa, hupigiliwa misumari, nyufa huzibwa kwa pamba, kisha chombo husukumwa majini. Lakini mtu kuunda eropleni nyumbani! Jambo hilo huonekana kama hadithi. Hata hivyo limefanyika mara nyingi, na mwaka 2019 lilifanywa na vijana wa Afrika ya Kusini.

Vijana hao walikuwa 20, na aliyeanzisha kazi ni msichana wa miaka 17, jina lake Megan Werner. Eropleni yao, iitwayo Sling 4, ina viti vinne. Ilitoka kiwandani si nzima, bali vipande maelfu. Kiwanda hukata bati za alumini kwa kipimo, muundaji huziunganisha. Mbavu za bawa hupangwa juu ya boriti yake, kisha bati huwambwa juu yake kama ngozi juu ya ngoma, na kila tundu hutiwa ribiti. Ribiti ni kama msumari mfupi usio na ncha. Ikibanwa hutokeza kichwa upande wa pili, wala haichomoki tena. Kazi hii huchosha, maana haikubali haraka. Mtumbwi ukivuja, mvuvi hukumba maji akarudi pwani. Bawa likilegea angani, hakuna pwani.

Kwa kawaida kazi hiyo yote hutaka saa 3,000 za mtu mmoja. Vijana wale, kwa kuwa ni wengi, waliimaliza kwa majuma matatu. Injini na vyombo vya kuongozea vilifungwa na mafundi wenye ujuzi, nayo ilikuwa busara.

Mwaka 1933 Mfaransa Henri Mignet alirusha eropleni ndogo aliyoiunda mwenyewe kwa mbao na kitambaa, akaipa jina la Chawa wa Angani. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha kuwafundisha wengine, na watu wengi wa Ufaransa na Uingereza wakashika randa na gundi. Kumbe umbo lake lilikuwa na kosa: ikiinamisha pua kupita kiasi, mbawa zake mbili zilizokaribiana ziliizuia kuinuka tena. Watu kadhaa walikufa. Huenda mikono yao ilikuwa hodari, lakini hodari wa mikono hawezi kuponya kosa lililomo katika mchoro.

Mwezi wa Juni 2019 vijana waliondoka Cape Town kwenda Cairo, safari ya kilometa 12,000 hivi. Sita kati yao walikuwa wamepata cheti cha urubani, wakapokezana usukani. Eropleni ya pili iliwasindikiza. Walitua Namibia, Malawi, Zanzibar, Tanzania bara na Uganda. Addis Ababa walitaabika kupata petroli ya eropleni. Wakapata petroli ya namna nyingine, lakini mafuta yakaanza kuvuja, na eropleni moja tu ikaweza kuendelea. Majuma matatu baada ya kutoka Cape Town, eropleni waliyoiunda wenyewe ilitua Cairo.