Vitabu vya kutia woga: sababu tunavisoma, na vinne vya kuanza navyo



Siku ya posho iliyopita, tulipokusanyika kusoma, mama mmoja alifunga kitabu katikati ya sura akatuuliza: «Sisi watu wa Kivu, woga hatujaushiba? Risasi zikilia usiku tunalala chini na watoto. Sasa tutafute tena woga wa kitabu?» Tulinyamaza. Swali lake ni la haki, na juma hili tunajaribu kulijibu.

Woga wa risasi haupigi hodi. Woga wa kitabu unaushika mkononi: ukizidi, unafunga kitabu na kwenda kuangalia sombe jikoni. Tena ukivumilia mpaka mwisho, mara nyingi unajua nani alifanya ubaya na kwa nini. Katika maisha hatujui, na asiyejua hutafuta wa kumsingizia. Hapa kwetu Kivu ya Kusini wamama wazee wamekwisha kuuawa kwa neno moja tu, «mchawi». Ndiyo maana tunapenda vitabu vinavyotufundisha kuogopa bila kupoteza akili.

Cha kwanza ni «Mzimu wa Watu wa Kale», cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichotoka mwaka 1960. Maiti ya tajiri inakutwa penye mzimu, mahali watu wanapopaogopa. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, haanzi na uchawi. Anauliza, anasikiliza, analinganisha maneno ya huyu na ya yule. Kiko katika Kiswahili safi, na hata vijana wa sekondari wanaweza kukisoma.

Cha pili ni «Frankenstein». Mary Shelley, Mwingereza, alianza kukiandika mwaka 1816 akiwa na miaka 18, na kikatoka mwaka 1818 bila jina lake. Wengi wanafikiri Frankenstein ni jina la jitu lile la kutisha. Hapana, ni jina la kijana aliyeliumba, kisha akalikimbia usiku uleule kwa sababu ya sura yake mbaya. Jitu linajifunza kusema kwa kuchungulia familia moja katika tundu la ukuta. Linataka kupendwa, linafukuzwa, ndipo linaanza kuua. Tulipofika hapo tuliwakumbuka maibobo wetu, na watoto wanaotupwa nje kwa kuitwa wachawi. Woga wetu ukageuka aibu.

Cha tatu ni «Rebecca», cha Daphne du Maurier, cha mwaka 1938. Msichana anaolewa na mwanamume aliyefiwa na bibi. Anaingia katika nyumba kubwa ambamo vitu vya marehemu bado viko mahali pake, na mtumishi mkuu anamkumbusha kila siku kwamba hatafikia cheo cha yule wa kwanza. Hakuna pepo hata mmoja, lakini mwili unasisimka. Jina la msichana huyo hatulisikii mpaka mwisho. Mwenye kuolewa katika nyumba ya mwingine ataelewa bila kuelezwa.

Cha nne ni cha watu wazima tu: «Mémoires de porc-épic», cha Alain Mabanckou wa Kongo-Brazzaville, kilichopata tuzo la Renaudot huko Ufaransa mwaka 2006. Anayesimulia ni nungunungu, akiueleza mti wa mbuyu jinsi alivyotumwa kuua watu na bwana wake, mara nyingine kwa sababu ndogo kabisa. Kinachekesha, halafu kicheko kinakwama kooni. Ni hadithi, si ushahidi juu ya jirani yako.

Mashauri yetu ni machache. Someni mchana, tena pamoja, mmoja akisoma kwa sauti. Watoto wadogo wasisikilize. Dada aliyepatwa na mabaya ya vita asilazimishwe. Akitaka kutoka, mmoja wetu atoke naye, bila kumuuliza maswali. Na baada ya kila sura tujiulize kama Bwana Msa: nani amesema? Aliona na macho yake? Nani anapata faida?

Maswali hayo yanafaa hata nje ya kitabu. Kesho uvumi ukipita mtaani juu ya bibi kizee fulani, tuyaulize kwa sauti, kabla vijana hawajaokota mawe.

Mama aliyetuuliza bado hajakubali yote. Lakini alipotoka alibeba «Rebecca» ndani ya kitenge, akasema anaenda kuangalia tu kama yule mtumishi ataadhibiwa. Tunamngojea siku ya posho. Nanyi karibuni.