Ruta Isiyoitika Baada ya Kubadilishiwa Programu



Vyama vingi vya msingi hivi leo vina ruta moja tu ya waifai, iliyowekwa nyumbani kwa Katibu au katika chumba cha ofisi. Kwa ruta hiyo hupelekwa taarifa za mapokezi ya mazao na orodha za malipo ya wakulima. Ikinyamaza katika msimu wa kununua mazao, malipo huchelewa, na mwanachama aliyeleta gunia lake ghalani hubaki akisubiri. Kwa hiyo si jambo dogo Katibu anapojaribu kuibadilishia ruta programu dhibiti, kisha taa zikawaka kwa namna asiyoielewa na ukurasa wa mipangilio usifunguke. Aghalabu hapo ndipo ruta hutangazwa kuwa imekufa, na Kamati ikaombwa fedha za kununua nyingine. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba ruta nyingi za namna hiyo hazijafa, ila hazijaulizwa kwa utaratibu.

Programu dhibiti ni ile inayokaa ndani ya ruta yenyewe na kuiendesha. Mtengenezaji huitoa, huirekebisha kwa miaka kadhaa, kisha huacha. Tangu hapo kasoro za usalama zinazogunduliwa hubaki bila kuzibwa. Ndiyo sababu wengine huweka programu huria iitwayo OpenWrt. Mwaka 2003 kampuni ya Linksys ilitoa hadharani msimbo wa ruta yake WRT54G, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na Linux, ambayo leseni yake humtaka anayeigawa atoe na msimbo wake. Mradi wa OpenWrt ulianza mwaka 2004. Mwaka 2016 baadhi ya watengenezaji wake walijitenga kwa jina la LEDE, na mwaka 2018 pande hizo mbili zikaungana tena. Wanaushirika hawatashindwa kuielewa historia hiyo.

KABLA YA KUANZA

Ugeuze ubavu wa chini wa ruta usome jina lake kamili pamoja na toleo lake. Ruta mbili zenye jina moja na umbo moja huweza kuwa na vipande tofauti ndani. Mathalani, TL-WR841N toleo la 8 ina megabaiti 4 za kumbukumbu ya kudumu na 32 za kumbukumbu ya muda, ilhali OpenWrt 21.02, iliyotolewa mwaka 2021, ilitaka zisipungue 8 na 64. Anayelazimisha ruta hiyo kupokea programu mpya anatafuta hasara.

Pili, ruta yenye programu ya mtengenezaji hupewa faili lenye neno "factory" katika jina lake. Ile ambayo tayari ina OpenWrt hupewa lenye neno "sysupgrade". Kuyachanganya ni kosa la kawaida mno. Tatu, linganisha hesabu ya uhakiki ya faili ulilopakua, iitwayo SHA256, na ile iliyoandikwa pale ulipolipakua. Herufi moja ikitofautiana, lifute upakue upya. Nne, tumia waya, wala usitumie waifai. Na kazi ikishaanza usizime umeme, hata kama dakika zinaonekana ndefu.

IKIKATAA KUITIKA

Kumbukumbu ya ruta yafaa ifikiriwe kama nyumba ya ghorofa tatu. Chini kabisa ipo programu ndogo ya kuamshia. Juu yake ipo programu kuu. Na juu kabisa ipo mipangilio uliyoiweka mwenyewe. Anza kuchunguza kutoka juu kwenda chini.

1. Huenda hakuna kilichoharibika. OpenWrt ikiwekwa upya, katika ruta nyingi waifai huwa imezimwa mpaka mwenyewe aiwashe. Unganisha waya katika tundu la LAN, si lile la WAN, kisha ufungue anwani 192.168.1.1 hata kama ruta yako zamani ilitumia 192.168.0.1. Ikiwa uliweka toleo la majaribio badala ya toleo rasmi, kwa kawaida halina kurasa za mipangilio; ruta ni nzima, lakini hupokea amri za kuandika kwa njia ya SSH tu. Ukishaingia, weka nywila, kisha unapowasha waifai taja nchi yako, kama vile TZ kwa Tanzania au KE kwa Kenya, ili nguvu ya mawimbi ifuate kanuni za nchi.

2. Huenda mipangilio ndiyo mibovu. Programu kuu ya OpenWrt katika ruta nyingi hukaa katika sehemu isiyoandikika, na mabadiliko yako huwekwa pembeni. Kwa hiyo ruta inaweza kuamshwa bila kuyasoma mabadiliko hayo. Ipe kompyuta yako anwani 192.168.1.2 kwa mkono, na kinyago cha mtandao 255.255.255.0. Washa ruta, taa ikianza kumetameta, bonyeza kitufe chochote cha ruta mpaka imetemete kwa kasi zaidi. Ingia kwa SSH katika 192.168.1.1, andika amri firstboot, thibitisha, kisha reboot. Mipangilio yote itafutika, na programu itabaki.

3. Huenda programu kuu ndiyo iliyoharibika. Dalili yake ni ruta kujizima na kujiwasha bila kukoma, au taa kutobadilika kabisa. Hapo tunategemea programu ya kuamshia, ambayo katika ruta nyingi hujua kuomba faili kwa njia iitwayo TFTP. Tuchukue mfano wa Archer C7 toleo la 2 ya TP-Link. Kompyuta hupewa anwani 192.168.0.66 na kuwekewa programu ya kuhudumia TFTP. Faili la "factory" hupewa jina ArcherC7v2_tp_recovery.bin, bila kubadili hata herufi kubwa na ndogo. Ruta ikiwa imezimwa, bonyeza kitufe cha kurejesha, uiwashe ungali umekibonyeza, ukiachie taa ya WPS iwakapo. Ruta italiomba faili hilo, italiandika na kujiwasha yenyewe. Ruta nyingine hutaka anwani na majina mengine. Soma maelezo ya toleo lako.

Faili lisipoombwa, usikate tamaa upesi. Mara nyingi ni kinga ya kompyuta inayozuia maombi yatokayo nje. Isimamishe kwa muda huo tu. Mara nyingine kompyuta hukawia kuutambua waya ruta inapowashwa, na ombi likapita. Dawa yake ni kuweka swichi ndogo ya mtandao kati ya kompyuta na ruta.

4. Huenda ghorofa ya chini ndiyo iliyobomoka. Hili hutokea mara chache. Ruta hufunguliwa na kuunganishwa waya katika bodi yake, kwa kawaida wa volti 3.3, na waya wa volti 5 huweza kuiunguza. Kazi hiyo apewe fundi.

WAJIBU WA KATIBU

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kugusa ruta, andika katika daftari la vifaa jina na toleo lake, jina la mtumiaji na nywila za kampuni ya intaneti, anwani zake, na jina la faili utakaloweka. Pakua pia programu ya awali ya mtengenezaji uihifadhi katika kompyuta, kwani ruta ikishanyamaza huenda usiwe na intaneti ya kuipakulia. Uliza kama dhamana ya muuzaji ingali hai, na uijulishe Kamati. Juu ya yote, usiifanye kazi hii katika wiki ya malipo.

Na Kamati nayo, ikiletewa ombi la kununua ruta mpya, imwulize Katibu kwa upole: je, ghorofa zote zimekaguliwa? Swali hilo halikusudii kumdhania mtu ubaya. Ruta ni mali ya wanachama, na haipasi kutupwa kabla ya jibu hilo kuandikwa katika kumbukumbu za kikao.