Kozi ya Kutunza Wagonjwa Brussels: Piga Hesabu Kabla ya Kujiandikisha

Ndugu zetu mnaofanya usafi wa majumbani kwa titres-services, na ninyi wa mjengo ambao mgongo umeanza kulalamika: kila Septemba ikikaribia tunaulizwa swali lilelile. "Nikisomea kutunza wazee na wagonjwa, italipa?" Inaweza kulipa. Lakini gharama kubwa siyo ada, ni saa za kazi utakazozipoteza.

Kwanza tujue tunasomea nini, maana watu huchanganya kazi mbili. Aide familiale huenda nyumbani kwa mtu: anapika, ananunua vitu, anamsaidia kuoga, anamsaidia na karatasi zake. Aide-soignant yuko kwenye timu ya wauguzi, chini ya usimamizi wao. Tangu 2019 sheria inamruhusu kufanya zaidi, kama kupima sukari ya damu na kumpa mgonjwa dawa zilizoandaliwa. Waliosoma mtaala wa zamani wanatakiwa kuongeza mafunzo ya saa 150.

Na msidhani ni kuinua mgonjwa tu. Mzee mmoja anaweza kuwa na daktari, nesi wa asubuhi, mfanyakazi wa CPAS na mtoto anayeishi mbali, na wewe ndiye unayekaa naye muda mrefu. Ukiona hajagusa chakula siku mbili, au bili zimejaa mezani hazijafunguliwa, unaandika kwenye daftari la mawasiliano na kumjulisha anayehusika. Kutokula kunaweza kuwa ugonjwa, upweke au kukosa pesa. Kwa hiyo Kifaransa au Kiholanzi cha kuongea tu hakitoshi, lazima uweze kukiandika.

Sasa pesa. Dada mmoja wa Bukavu alitujia akiwa ameshaamua. Alikuwa anapata euro 1,500 kwa mwezi, na 200 zinakwenda kwa mama yake, dawa za presha na chakula. Akipunguza kazi hadi nusu angebaki na 800. Chumba na umeme ni 650, chakula na usafiri 250. Tayari amepungukiwa 100, na mama bado hajapata kitu. Ukiongeza ya mama, pengo ni 300 kila mwezi. Miezi kumi ya kozi ni euro 3,000.

Tukamwambia ukweli: dada, subiri mwaka mmoja. Akaweka 250 kila mwezi, na baada ya miezi kumi na miwili zikatimia 3,000. Akampigia mama simu mapema, akamwambia dawa hazitaguswa, ila michango ya harusi na ya binamu itasimama. Walinuna wengine, siyo mama. Septemba iliyofuata akaingia darasani bila deni.

Kabla hujajiandikisha, fuatilia haya:

Kama umeajiriwa, muulize mwajiri na shule kuhusu congé-éducation payé, yaani likizo ya masomo yenye malipo. Siyo kila kozi inahesabiwa.

Kama huna kazi, anzia Actiris na Bruxelles Formation, au VDAB kwa Kiholanzi. Uliza pia kama kibali chako cha kuishi kinakuruhusu.

Kama shule inataka cheti cha sekondari, cha nyumbani kinahitaji kutambuliwa, wanaita équivalence. Omba mapema, usingoje Agosti.

Ukimaliza kozi ya aide-soignant, bado unahitaji visa ya wizara ya afya ya shirikisho. Hii haihusu ubalozi wala mpaka, ni kibali cha kufanya kazi ya afya. Mtu akisema atakuuzia cheti au visa hiyo, mkimbie.

Leo jioni chukua karatasi. Andika mapato ya nusu kazi, toa kodi, chakula, usafiri na pesa ya nyumbani. Kilichopungua kizidishe kwa miezi ya kozi. Hiyo ndiyo ada yako halisi. Ukishaiweka akiba, nenda kajiandikishe kwa amani.