Hoteli ya Kitalii Ikija Kijijini, Tukae Meza Gani?



Swali hili limetufikia zaidi ya mara moja kutoka kwa vikundi vya kule ukingoni, juu ya bonde la Kerio. Mtu amekuja na gari kubwa. Anasema mandhari ni mazuri, anataka kujenga hoteli ya kitalii ya hali ya juu, atatunza wanyama na miti, vijana watapata kazi, na shule itapata madarasa mawili. Anaomba tu ardhi. Je, tukubali?

Sisi hatuwezi kuwajibia ndiyo au hapana. Lakini tunaweza kuwaeleza biashara hii inavyokwenda, mjue mnauza nini kabla ya kuitwa kutia sahihi.

Hoteli za namna hii huwa na vyumba vichache tu, pengine sita au kumi. Bei ya usiku mmoja inaweza kupita pesa ya magunia kadhaa ya mahindi. Mgeni halipii kitanda, maana vitanda vizuri viko hata Eldoret mjini. Analipia ukimya, bonde lililo wazi mbele yake, na ndovu anayetembea bila ua. Sasa jiulizeni, nani ameliacha bonde likiwa wazi? Nani anavumilia ndovu wa Rimoi akivuka usiku na kumaliza shamba? Ni ninyi. Kwa hiyo kinachouzwa ni chenu kwa sehemu kubwa, na mtu akitumia mali yako anakulipa kodi. Darasa ni jambo jema, lakini zawadi hutolewa mwenye nayo akitaka. Kodi unaidai.

Hapa kwetu tuna mfano wa mali iliyoondoka kabla hatujajua ni mali. Wazee wa Soy wanakumbuka twiga wale wenye miguu myeupe kama waliovaa soksi. Mwaka 1974 Jock na Betty Leslie-Melville walichukua mtoto wa twiga kutoka ranchi ya Soy, ya ekari kama 18,000, wakamlea nyumbani kwao Langata, Nairobi. Ranchi ilikuwa inaelekea kugawiwa watu, na twiga wa aina hiyo walikuwa wamebaki wachache sana. Wengine walihamishiwa Ziwa Nakuru mwaka 1977. Ile nyumba ya Langata leo ni Giraffe Manor, hoteli inayojulikana dunia nzima, ambapo twiga huingiza shingo dirishani wageni wakinywa chai ya asubuhi. Hatumlaumu mtu. Mwenye ekari tano hawezi kukaa na twiga na mahindi pamoja, na bila wale waliojali pengine twiga hao wangekwisha. Lakini Soy haimo katika hesabu ya hoteli ile.

Sasa tuwapeleke Laikipia, kwa Wamaasai wa Il Ngwesi. Hawa walikuwa na ranchi ya kikundi, ardhi kavu, mifugo mingi na mvua kidogo. Majirani zao wa Lewa waliwashauri wajaribu utalii. Wazee hawakukubali haraka, wengi waliogopa kuwa ni ujanja wa kuwanyang'anya ardhi, na kwa historia ya Laikipia woga huo haukuwa wa bure. Walijadiliana muda mrefu. Mwishowe walitenga sehemu ya ardhi kwa wanyama, wakapata msaada wa fedha kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na mwaka 1996 wakafungua hoteli yao. Vyumba vilikuwa sita, vya miti na makuti ya hapo hapo, umeme wa jua.

Angalieni neno hilo, hoteli YAO. Jengo ni la jamii, ardhi ni ya jamii, na wafanyakazi ni watoto wa pale. Faida ikipatikana, wanachama hukaa na kuamua iende wapi: karo, zahanati, maji, josho la ng'ombe. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa uliwapa Tuzo ya Ikweta. Na wanyama walirudi, kwa sababu kila mchungaji alikuwa na sababu ya kutaka warudi. Askari mmoja wa kukodiwa hawezi kufanya kazi inayofanywa na wachungaji mia wenye macho.

Lakini tusidanganyane. Kumiliki hoteli ni kazi ngumu. Paa huvuja, gari hukwama, mpishi huhama, na mgeni anayelipa bei kubwa hataki kusikia udhuru. Kikundi ambacho bado kinagombana juu ya daftari la mzunguko wa pesa za kila mwezi hakijafika hapo.

Ndiyo maana kando ya Maasai Mara walichukua njia nyingine. Kule ranchi za vikundi zilikuwa zimekwisha gawanywa, kila mtu na hati yake. Mmoja mmoja, kipande chake hakimvuti mtalii. Basi wakaunganisha vipande bila kung'oa mipaka ya hati. Olare Orok ilianza mwaka 2006, na Naboisho mwaka 2010, ambako wenye ardhi zaidi ya 500 waliweka pamoja karibu ekari 50,000. Wenye kambi za kitalii wanakodisha, na kodi inahesabiwa kwa ekari, inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila mwenye ardhi. Kitu muhimu ni kwamba kodi hiyo haifuati idadi ya wageni. Wakija wengi au wachache, mwenye ardhi ana chake. Idadi ya mahema nayo imewekewa kikomo, na mifugo inachungwa kwa zamu.

Kasoro zipo. Kodi inakwenda kwa mwenye jina kwenye hati, na majina hayo kwa sehemu kubwa ni ya wanaume. Mama aliyekuwa akiokota kuni na kukamua ng'ombe kwenye ardhi ile ile anaweza kujikuta hana kuni wala pesa. Vikundi vya akina mama, hilo liwekeni mezani mapema, kabla kalamu haijatoka mfukoni.

Halafu kuna siku wageni hawaji. Machi 2020, kwa sababu ya korona, Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje hadi Agosti mosi. Kambi zilibaki tupu, na kule Mara wengine walilazimika kukubali kodi iliyopunguzwa. Aliyekuwa ameuza ng'ombe wote akitegemea mtalii aliumia kuliko aliyebaki na mifugo kidogo na shamba dogo. Makubaliano yenu yaseme wazi: wageni wakikosekana mwaka mzima, sisi tunapata nini?

Sheria nayo iko upande wenu, mkiijua. Ikiwa ardhi ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka makubaliano na mwekezaji yapitishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii katika mkutano ulioitwa kwa jambo hilo. Wazee watatu na chifu chini ya mti hawatoshi. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ikiwa ni shamba la mtu binafsi, kukodisha ardhi ya kilimo kunahitaji kibali cha Bodi ya Ardhi, na bibi asikie habari hiyo nyumbani, si sokoni.

Kuhusu ndovu: Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 mtu akiuawa na mnyama. Kulipwa ndiyo shida, watu husubiri miaka. Kwa hiyo msikubali mwekezaji awaambie kwamba hasara ya mazao ni mambo ya serikali tu. Yeye ndiye anayefaidika na ndovu kuwa hai. Mwambieni atenge sehemu ya malipo ya kila mgeni kwa mahindi yaliyoliwa na mbuzi waliouawa.

Twiga wetu nao wamerudi karibu. Mwaka 2011 nane walipelekwa Ruko, Ziwa Baringo, hifadhi ya Wailchamus na Wapokot waliowahi kupigana. Maji ya ziwa yalipopanda, rasi ikawa kisiwa, na kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 twiga tisa walivushwa kwa chombo kilichoelea juu ya mapipa. Mwaka 2024 wengine walitoka Kruger Farm, hapa karibu na Eldoret, wakaenda huko huko. Kikundi kinachotaka kujifunza hakihitaji kwenda Laikipia, Baringo ni mwendo wa siku moja kwa matatu.

Mwekezaji akileta karatasi, mwambieni aache nakala. Someni kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani mkiwa wote, halafu mwenyekiti na mweka hazina wailete ofisini siku ya kazi kabla ya mtu yeyote kuweka kidole.