Imani kwa Polisi na Mahakama Hupimwaje?

Watu wa Asembo Bay, kando ya Ziwa Victoria, wamezoea kuulizwa maswali. Tangu mwaka 1992 wataalamu wa KEMRI na wenzao wa Marekani walikuwa wakipita boma kwa boma, wakiwafuatia mama waja wazito na watoto wao ili kuchunguza malaria. Na mwishoni mwa miaka ile ya 1990 wakagawa vyandarua vilivyotiwa dawa, wakahesabu watoto waliookoka. Damu hutolewa kidoleni, ikatazamwa kwa darubini. Lakini imani ya raia kwa polisi na mahakama, je, itatazamwa kwa darubini gani?

Wako waliojaribu. Afrobarometer, iliyoanza kazi mwaka 1999 na kufika Kenya mwaka 2003, mara nyingi huwauliza watu wazima wapatao 2,400 wa nchi nzima: je, wawaamini polisi kwa kiasi gani? Na mahakama je? Anayeulizwa huchagua mojawapo ya majibu manne, kuanzia kutoamini kabisa hata kuamini sana. Msomaji atasema watu 2,400 ni wachache mno. Lakini mpishi naye haonji sufuria nzima. Huonja kijiko kimoja, mradi amekoroga vema. Hapa mwiko wa kukorogea ni kura: nyumba huchaguliwa kwa bahati, na wanaume na wanawake huulizwa kwa zamu. Hata hivyo kijiko hicho ni cha Kenya nzima. Hakiwezi kutuambia habari za Asembo peke yake.

Taabu kubwa zaidi ni hofu. Mgeni akibisha hodi na karatasi mkononi, mwenye nyumba hujiuliza kwanza ni nani aliyemtuma. Waulizaji wenyewe walilitambua jambo hili, na mwisho wa mazungumzo huuliza: unadhani tumetumwa na nani? Wengi hujibu kwamba ni Serikali, na adhaniye hivyo huelekea kuisifu.

Wengine husema heri kutazama matendo kuliko maneno: wahesabiwe wanaokwenda kituoni kushtaki. Haya, tumtazame mvuvi aliyeibiwa nyavu. Ufukweni iko kamati ya wavuvi, ile iitwayo BMU, nayo ina kanuni zake tangu mwaka 2007. Akienda huko asiende polisi, je, hawaamini polisi? Labda. Lakini labda anataka nyavu zake tu, wala hana haja ya kumwona mwizi gerezani na yeye mwenyewe kupoteza siku za kuvua akingoja kesi. Na mashtaka yakiongezeka kituoni, yaweza kuwa wizi umezidi, au imani ndiyo imezidi. Hesabu ni ile ile.

Kwa maoni yangu, jambo jema katika maswali ya Afrobarometer ni kuwatenga polisi na mahakama. Katika Kenya mahakama zimekuwa zikiaminiwa kuliko polisi, na mambo ya Kisumu yaonyesha kwa nini haifai kuwachanganya. Mwezi wa Agosti 2017, baada ya uchaguzi, polisi waliingia katika nyumba za mtaa wa Nyalenda usiku. Mtoto mchanga wa miezi 6 akapigwa kichwani, akafa hospitali. Mwezi wa Februari 2019, baada ya uchunguzi wa kifo hicho, hakimu wa Kisumu aliamua kwamba polisi, pamoja na wakubwa wao, ndio wa kulaumiwa. Mashtaka ya maafisa 12 yalitangazwa mwaka 2022 tu, miaka mitano baada ya maziko.

Basi mzazi wa Nyalenda aliyeulizwa mwaka 2017 angetoa jibu moja, na la mwaka 2019 lingekuwa jingine: huenda mahakama zikapanda, polisi wasipande. Na kama angeulizwa kwa neno moja tu, juu ya haki, sijui angetia alama wapi katika karatasi ile.